SI KILA APEPESUKAYE AMELEWA
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Jarida letu la chama limezoea maoni kuhusu adabu bwenini, maharagwe ya bwaloni, mapenzi ya shuleni na kama Kiswahili kinaheshimiwa au hakiheshimiwi. Mimi leo nimeshika njia nyingine. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wenu anakibeba kisogoni tangu kengele ya kwanza inapolia alfajiri hadi taa zinapozimwa, na ambacho sote tumekipa kisogo. Kitu chenyewe ni serebelamu. Msishtuke, na tafadhali msifungue ukurasa unaofuata! Maneno yangu si ya biolojia tupu. Ni ya watu tunaokutana nao njiani tukawacheka.

Msimamo wangu nautangaza mapema ili asiwepo wa kuniuliza baadaye eti nilitaka kusema nini. Mtu anayepepesuka, anayemwaga chai kila akishika kikombe, anayeongea kwa kuvutavuta maneno, sisi tumezoea kumhukumu papo hapo: mlevi huyo! Au akiwa ni mwanafunzi mwenzetu: mzembe huyo! Nasema hukumu hiyo mara nyingine ni uongo mtupu, na sababu ya uongo huo ni kwamba tumefunzwa serebelamu kwa mstari mmoja tu. Fungueni madaftari yenu muone. "Serebelamu: hudumisha mizani ya mwili na kuratibu mwendo." Nukta. Alama moja kwenye mtihani, kisha tunarukia medula. Mstari huo si wa uongo, lakini ni kama kumweleza mgeni kuwa Mombasa ni mji wenye maji kando yake.

Haya basi, hebu weka mkono kisogoni. Utapapasa kinundu cha mfupa pale kichwa kinapoanza kuteremka kuelekea shingoni. Serebelamu imelala ndani ya fuvu hapo hapo, chini kidogo ya kinundu hicho. Juu yake imefunikwa na ubongo mkubwa, na kwa mbele imeegemea shina la ubongo, lile linaloshuka na kuendelea kuwa uti wa mgongo. Jina lake ni la Kilatini na maana yake ni ubongo mdogo tu. Kwa mtu mzima ina uzito wa kama gramu 150, nao ubongo mzima una karibu gramu 1,400. Ni fungu la kumi, kama sadaka vile.

Lakini msidanganywe na uzito. Mnamo mwaka wa 2009 watafiti wa Brazil walichapisha hesabu ya seli za neva katika ubongo wa binadamu. Walipata jumla ya bilioni 86 hivi. Sasa sikilizeni: bilioni 69 kati ya hizo zilikuwa ndani ya serebelamu! Yaani katika kila seli kumi za neva ulizo nazo kichwani, karibu nane zimesongamana kwenye hicho kipande kidogo cha nyuma. Zimeweza kutoshea kwa sababu nyingi ni chembe ndogo mno, na kwa sababu serebelamu imekunjwa kwa mikunjo myembamba sana. Ukikata kabichi katikati kwa kisu kikali utaona jinsi majani yalivyobanana. Serebelamu iliyokatwa hufanana na hivyo, ila katikati yake mna matawi meupe yanayosambaa kama mti. Wataalamu wa kale waliyaona matawi hayo wakayaita, kwa Kilatini chao, mti wa uhai. Mimi nalipenda jina hilo.

Imegawanyika pande mbili, kushoto na kulia, na kati yake mna ukanda mwembamba uitwao mnyoo kwa jinsi unavyofanana nao. Ukanda huo husimamia kiwiliwili na kutembea. Pande mbili husimamia zaidi mikono na miguu. Na kipande kidogo cha chini hushughulika na mizani na macho. Imeungwa kwenye shina la ubongo kwa vikonyo vitatu kila upande, na humo ndimo habari zote hupita. Jambo moja ambalo wengi hukosea mtihanini: ubongo mkubwa wa kushoto huamuru mkono wa kulia, sivyo? Serebelamu haiko hivyo. Upande wake wa kulia husimamia mkono wa kulia, na wa kushoto wa kushoto.

Inafanya nini hasa? Nitatumia mfano wa fundi mwashi, maana mjomba wangu ni fundi mwashi na ndani ya familia yetu hakuna asiyejua timazi ni nini. Timazi haijengi ukuta. Haibebi jiwe wala haichanganyi simiti. Lakini fundi akiitupa timazi yake, ukuta utapanda, jiwe juu ya jiwe, na utapanda kombo. Serebelamu nayo haitoi amri ya kuinua mkono. Amri hiyo hutoka ubongo mkubwa. Kila amri ikitoka, nakala yake hupelekwa serebelamu. Wakati huo huo habari hupanda kutoka kwenye misuli na viungo kupitia uti wa mgongo, na nyingine hutoka sikio la ndani ambalo hupima mizani. Serebelamu hulinganisha: kilichokusudiwa ni hiki, kinachotendeka ni kile. Mkono unapita kikombe? Punguza. Mguu umechelewa? Harakisha. Haya yote hutendeka upesi kuliko wewe kufumba jicho, wala hujui.

Tena, haingoji kosa litokee ndipo irekebishe. Habari kutoka mkononi huchukua muda kufika kichwani, na mwendo wa haraka ungekuwa umekwisha. Kwa hiyo hubashiri. Ushahidi wa hayo mnao: jaribuni kujitekenya kwapani. Hakuna kitu! Mwenzako akikugusa hapo hapo unaruka kama swara. Mnamo 1998 watafiti wa London walionyesha kuwa serebelamu hubashiri jinsi mguso wako mwenyewe utakavyohisika, na hivyo ubongo huupunguza makali. Mguso wa mwenzako haukubashiriwa.

Jaribio lingine. Inua kidole chako mbele ya macho, kichwa kikiwa kimetulia, utikise kidole huku na huku kwa kasi. Utaona ukungu. Sasa tuliza kidole, utikise kichwa kwa kasi ile ile. Kidole unakiona wazi kabisa, hata mistari yake! Macho yamekuwa yakigeuka kinyume cha kichwa kwa kipimo sawasawa. Njia ya tendo hilo hupita shina la ubongo, lakini anayeipima na kuirekebisha ni serebelamu. Ndiyo sababu mtu akivaa miwani mipya siku za kwanza huona dunia inaogelea, kisha baada ya siku chache hutulia. Miwani haijabadilika. Kilichobadilika ni kipimo kule kisogoni.

Ndani ya serebelamu mna seli kubwa zilizojipanga safu moja, zenye matawi yaliyotandazwa bapa kama upepeo. Huitwa seli za Purkinje, kwa jina la mtaalamu wa Kicheki, Jan Purkyně, aliyezieleza mwaka wa 1837. Kila moja hupokea habari kutoka nyuzi zaidi ya 100,000, na juu ya hizo hupata uzi mmoja wa pekee unaoikwea kama mtambaazi unavyoukwea mti. Na kazi ya seli hiyo, baada ya kupokea yote hayo, ni nini? Kuzuia! Ni breki. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktabani hadi nikatolewa nje. Sehemu yenye seli nyingi kuliko zote kichwani, na sauti inayotoka kwenye gamba lake ni moja tu: punguza, ngoja, basi. Ule uzi mmoja unaokwea, kwa maoni ya wataalamu David Marr mnamo 1969 na James Albus mnamo 1971, huleta habari za makosa ili seli ijifunze. Masao Ito na wenzake huko Japani walipata ushahidi wa jambo la namna hiyo mwaka wa 1982. Kwa ufupi, kosa ndilo mwalimu wa serebelamu.

Tumejuaje yote haya? Kwa huzuni ya viumbe wengine, tusidanganyane. Mnamo 1824 Mfaransa Flourens alieleza jinsi alivyowatoa njiwa serebelamu kidogo kidogo. Njiwa hawakupooza. Waliona, walisikia, walitaka kuruka. Kilichopotea ni mpango wa mwendo. Kisha ikaja vita kuu ya 1914 hadi 1918. Daktari mmoja mzaliwa wa Ireland, Gordon Holmes, alikuwa Ufaransa akiwatibu wanajeshi wa Uingereza, na baadhi yao walikuwa wamejeruhiwa kisogoni upande mmoja tu. Kwa hiyo aliweza kulinganisha mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu yule yule. Aliyoyaandika mwaka wa 1917 yangali yakisomwa na madaktari. Mkono wa upande uliojeruhiwa haukuwa umekufa, lakini ulianza kuchelewa, ulipita shabaha, na ulitetemeka zaidi kadiri ulivyokaribia kitu. Mmoja wa wagonjwa wake alimweleza kuwa mkono wa kushoto ulifanya kazi wenyewe bila yeye kufikiri, lakini wa kulia ilimbidi aufikirie kwa kila hatua. Hebu waza: kufikiria kila hatua ya kufunga kifungo cha shati.

Na hapo ndipo nilipokuwa nikielekea.

Mjomba wangu niliyemtaja, fundi mwashi, hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Siku moja akiwa kazini dunia ilimzunguka ghafla, akatapika, akashindwa kusimama. Picha ya kichwa ilipopigwa ilionekana kuwa amepata kiharusi, na mahali penyewe ni kisogoni. Alipona, tunamshukuru Mungu. Mikono ina nguvu, miguu ina nguvu. Lakini anatembea akiwa amepanua miguu kama mtu aliye mashuani, na akifika kona hana budi kushika ukuta. Maneno yake yanatoka kwa vipande, moja linavutwa, jingine linapasuka. Ukimwona kwa mbali utasema, bila kusita, mzee amepiga mtungi.

Makanga wa matatu wameshamteremsha mara tatu. "Shuka mzee, utatutapikia!" Watoto njiani humfuata wakiigiza mwendo wake. Na usiku mmoja alisimamishwa na askari wa doria wakamwambia atembee juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole, kisha aguse pua kwa kidole. Wasomaji, mnajua ni nani mwingine aliyempa mjomba mtihani huo huo? Daktari! Ndio mtihani wa kuipima serebelamu. Daktari alipouona ameanguka mtihani aliandika "mgonjwa". Askari walipouona ameanguka walisema "mlevi" na akalala ndani. Alipojaribu kujieleza ndipo alipojiharibia zaidi, maana kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kusikika kama mlevi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtu mwingine akisingiziwa ana ulimi wa kujitetea. Mjomba ulimi wake ndio shahidi wa upande wa pili.

Kwa nini hali hizi mbili zinafanana hivyo? Si bahati mbaya. Pombe inapoingia damuni huvuruga kazi za serebelamu, miongoni mwa sehemu nyingine. Mlevi anapepesuka, anavuta maneno, anakosa tundu la ufunguo, kwa sababu kwa saa chache timazi yake imeyumba. Asubuhi inarudi, ila kichwa kinauma. Akiendelea miaka na mikaka, sehemu ya juu ya ule ukanda wa katikati huweza kunyauka kabisa, na hapo miguu haitatulia tena hata akiacha kunywa. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa "unatembea kama mlevi" ni kugeuza mambo. Ukweli ni kwamba mlevi ndiye anayetembea kama mgonjwa wa serebelamu.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita ataksia, na milango yake ni mingi. Kiharusi kama cha mjomba. Uvimbe, ambao kwa watoto huweza kujitangaza kwa kichwa kuuma na kutapika asubuhi, kisha kuyumba. Tetekuwanga mara chache humwacha mtoto akiyumba kwa muda, na wengi wao hupona. Kuna familia ambazo hurithi. Hata dawa: mwenye kifafa anayetumia fenitoini, dawa ikizidi mwilini mwake, atapepesuka na macho yatachezacheza. Huyo akichekwa akaacha dawa ghafla, kifafa kitamrudia kwa nguvu. Sasa mwambieni huyo kuwa kicheko chenu kilikuwa ni utani tu.

Najua kuna wanaoguna. Rafiki yangu wa dawati moja aliposoma karatasi hii aliniambia, "Sawa, lakini wewe, ukisimama sokoni Ijumaa jioni, wanaopepesuka wangapi ni wagonjwa? Si karibu wote wamelewa?" Ana haki. Wengi wamelewa, sikatai, na sitaki kugeuza kila mlevi kuwa mgonjwa wa kuhurumiwa. Lakini mimi simwombi mtu akisie nani ni nani kwa mbali. Naomba asikisie. Msogelee. Je, ananuka pombe? Muulize jina na anakokwenda, umpe muda amalize jibu. Mwenye ataksia kwa kawaida atakujibu kwa akili timamu, ila kwa ulimi mzito. Kama kuyumba kumeanza ghafla, leo hii, pamoja na kutapika au kuona vitu viwili viwili, huyo ni wa kukimbizwa hospitali, si wa kusukumwa mtaroni. Na hata awe anayenuka pombe, mlevi naye hupata kiharusi, mlevi naye huanguka akaumia kichwa. Kile kidude cha kupuliza wanachotumia kwa madereva, alkoblo, mimi nakisifu kwa jambo hili moja: hupima pombe, hakipimi mwendo. Mjomba angepewa akipulize usiku ule angelala kwake.

Wala siombi hisani. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Neno "mlevi" linalorushwa kutoka mlangoni mwa matatu sidhani limo.

Turudi humu shuleni, kwani si sokoni tu. Kuna wenzetu wasiojua kudaka mpira, ambao mwandiko wao ni kama kuku alikanyaga wino, ambao wakibeba sahani ya githeri kutoka dirishani nusu inafika mezani. Tunawaita majina ambayo mhariri hataniruhusu kuyaandika. Sisemi kila mmoja wao ana ugonjwa, la hasha! Ninachosema ni kwamba ustadi wa mwili hujengwa kwa kurudia na kukosea, kukosea na kurudia, na si wote hujenga kwa kasi moja. Aliyejifunza baiskeli kwa wiki mbili na aliyejifunza kwa siku mbili, mwishowe wote wanaendesha. Lakini anayezomewa mara ya kwanza anapoukosa mpira hatarudi uwanjani, na asiporudi hapati yale makosa ambayo serebelamu yake ingejifunzia. Hapo tumemfunga mlango wenyewe, kisha tunasema hana kipaji. Na hapa, kwa heshima zote, nawaomba walimu wetu wapendwa kipindi cha michezo kisigeuzwe kuwa cha marudio kila muhula wa tatu unapokaribia. Tunarudia hesabu, sawa. Nao mwili una marudio yake.

Kama mnadhani mambo ya mwili ni ya wasiosoma, mtazameni mama anayebeba mzigo kichwani. Mwaka wa 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa humu humu Kenya kwa akina mama wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda wa paji la uso. Iligunduliwa kuwa waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu! Mwaka wa 1995 watafiti wakaeleza siri: akina mama hao huuhamisha mwili kama timazi inayobembea, bila kupoteza nguvu nyingi katika kila hatua. Utafiti ule ulipima pumzi na hatua, haukupima ubongo, na sitaki kuupaka rangi. Lakini mwendo huo hakuna aliyezaliwa nao. Ulijifunzwa tangu utotoni, kwa mtungi mdogo, na bila shaka maji mengi yalimwagika.

Nimeulizwa pia kama mtu anaweza kuishi bila serebelamu kabisa. Anaweza, ingawa ni nadra mno. Mwaka wa 2014 madaktari wa China waliripoti habari za mwanamke wa miaka 24 aliyefika hospitali akilalamika kizunguzungu. Picha ilipopigwa, mahali pa serebelamu palikuwa na maji tu. Alianza kusema maneno ya kueleweka akiwa na miaka sita na kutembea peke yake akiwa na miaka saba. Hakuwahi kutembea kwa uthabiti. Hata hivyo aliolewa na akapata mtoto. Sehemu nyingine za ubongo wake zilikuwa zimejitwika kazi isiyokuwa yao. Nawaza sana juu ya ile miaka sita ya kimya, na majina ambayo huenda aliitwa.

Siku hizi wataalamu wengi wanaona kuwa serebelamu ina mkono hata katika fikira, lugha na hisia, si mwendo peke yake. Hayo ni marefu, nitawaachia watakaoandika mwaka ujao.

Limebaki la kwetu sisi wana Kiswahili. Katika mkutano wa mwisho wa chama nilipendekeza tuchore ubongo kwenye karatasi kubwa ya manila, majina yote yawe ya Kiswahili, utundikwe mlangoni pa bwalo ambapo foleni hukaa nusu saa bila la kufanya. Mzozo ukazuka juu ya jina. Mwalimu wa biolojia alishikilia "serebelamu", kwa kuwa ndilo lililo karibu na la mtihani. Mlezi wa chama alipendelea "ubongo mdogo", ambayo ndiyo tafsiri halisi. Mimi nilipinga, na bado napinga, kwa sababu ambayo kila mwanafunzi anaielewa: ukimwambia mtu humu shuleni kuwa ana ubongo mdogo, mtapigana. Nimependekeza "ubongo wa kisogoni". Linaonyesha mahali kilipo, halimtukani mtu, na hata nyanya yangu asiyesoma alilielewa mara moja nilipomweleza kilichompata mwanawe. Kura itapigwa mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Mchoro wenyewe umekwisha, uko kabatini kwa mlezi, mikunjo na vikonyo vyote vimo. Nafasi ya jina nimeiacha wazi.